Moyo wa Mbuzi Haupigi

Kwa miaka sita nilifundisha mzunguko wa damu kwa moyo wa mbuzi. Jumamosi nikiwa mjini Dodoma nilipita mnada wa Msalato, na wakati wenzangu wanachagua mbavu na paja la kuchoma, mimi nilimwomba muuza nyama moyo mmoja, mzima, asiutie kisu. Mara ya kwanza alidhani nimetumwa na mganga. Nilipomwambia ni wa kufundishia alicheka mpaka akaegemea gogo, akaufunga kwenye gazeti, na tangu siku hiyo ananiita Madam Moyo.

Jumatatu kipindi cha tatu moyo ule ulikuwa juu ya dawati la mbele, Kidato cha Pili B, kwenye shule ya kata wilayani Bahi. Wanafunzi 83. Wa mbele wanauona, wa katikati wanauona kwa kupokezana, wa nyuma wanaona migongo ya wa katikati. Naupasua kwa wembe, kisha naita wachache waje kubonyeza ukuta wa kulia na ukuta wa kushoto. "Upi mnene?" "Wa kushoto, Madam." Hapo nawaeleza kwamba upande wa kulia unasukuma damu mpaka kwenye mapafu tu, hapo jirani, ila wa kushoto unaisukuma mwili mzima, utosini mpaka kidole gumba cha mguu, ndiyo maana misuli yake imejaa. Hilo wanalielewa haraka. Mtoto aliyewahi kusukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji toka kisimani mpaka kwao haelezwi mara mbili tofauti ya kusukuma karibu na kusukuma mbali.

Kazi ilikuwa kwenye vali, vile vilango vya ndani ya moyo. Siku moja binti wa dawati la pili aliuliza, "Madam, sasa vinafungukaje?" Nikainua mikono, nikaonyesha kwa viganja: hivi vimefunga, hivi vimefunguka, damu imepita, vimefunga tena. Akaitazama mikono yangu, akautazama moyo uliolala kwenye gazeti, akasema "Sawa, Madam" kwa ile sauti ya mtoto anayemsitiri mkubwa.

Moyo wa mbuzi haupigi. Ni hilo tu lililonifanya nianze kuhangaika na projekta. Habari za sayansi na teknolojia kubadilisha dunia sikuwa nazo kichwani; nilitaka kilango kifunguke mbele ya macho ya yule binti.

Nasema hivi kwa sababu maneno mengi kuhusu walimu na teknolojia huanzia kwenye vifaa: vimenunuliwa vingapi, vimefika wapi, nani kavikabidhi. Sisi tulipata vyetu baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Makarani walizunguka nyumba kwa nyumba na vishikwambi, wakatuhesabu watu 61,741,120, na kazi ilipokwisha Serikali ikaamua vishikwambi vile wapewe walimu. Binafsi niliona ni uamuzi wa maana. Kifaa kilichohesabu kaya za Ugogo na jua lake na vumbi lake kilikuwa kimeshafaulu mtihani. Mwanzoni mwa 2023 vikafika shuleni kwetu, kila mwalimu akasaini chake.

Hapo kwenye kusaini ndipo penye shughuli. Mwalimu wa nchi hii amelelewa na leja. Stuli ya maabara ina namba, kabati lina namba, hata kengele ina namba. Anajua kwamba kitu ulichokisaini kikipotea kitakufuata mpaka kwenye mshahara, au walau anaamini hivyo, na imani hiyo inatosha kumlaza macho. Kikao chetu cha kwanza kuhusu vishikwambi kilichukua saa nzima na ushee. Hakuna aliyeuliza tutavifundishia nini. Maswali yalikuwa: kikiibiwa? Kikianguka? Mtoto akikimwagia uji? Mwisho tukakubaliana vikae kabatini ofisini, kwa usalama, na funguo akae nazo mkuu wa shule. Waliosita kuviacha walivipeleka nyumbani. Mwenzangu mmoja alikifunga chake kwenye kitenge kipya, akakiweka chini kabisa ya sanduku la nguo, na ukimuuliza anakujibu kwa fahari kwamba kiko salama. Na kweli kilikuwa salama.

Ndani ya kabati lile mlikuwa na projekta moja ya miaka mingi, ingali kwenye nailoni ya dukani. Nilipokuja kuitoa, nailoni ilikatika mikononi mwangu kama ganda la kitunguu.

Semina nilikuwa nimehudhuria. Siku tatu, ukumbini, mjini, chakula kizuri, posho haikuchelewa. Siku ya kwanza tulifundishwa historia ya kompyuta, ya pili sehemu za kompyuta, ya tatu umuhimu wa TEHAMA katika kujifunza na kufundisha, tukapiga picha ya pamoja tukatawanyika. Nilirudi Bahi namjua Charles Babbage lakini sijui waya upi unaingia wapi. Aliyenifundisha hasa ni mwalimu wa Jiografia, kijana wa ajira mpya, kwa dakika ishirini, chini ya mwarobaini, wakati wa chai. "Dada, video usiitafute darasani, mtandao wetu unaujua. Ishushe ukiwa mjini uje nayo." Akanionyesha waya wa kununua ili picha itoke kwenye kishikwambi iende kwenye projekta. Halafu, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo kisicho na uzito, akaniambia, "Na hapa ukiweka kidole inasimama. Ukikivuta huku inarudi nyuma." Nilimwambia arudie hapo.

Siku hizi kuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo walimu hukaa shuleni kwao wenyewe wakafundishana katika jumuiya za ujifunzaji. Inapofanyika vizuri huwa ni ule mwarobaini wetu, tofauti ni kwamba sasa una ratiba na daftari la mahudhurio.

Basi siku ikafika. Ilikuwa Julai, na mtu wa Dodoma anajua Julai ina upepo wa namna gani. Jua nalo la huku halijui kubisha hodi: saa nne asubuhi darasa zima ni mwanga mtupu, na picha ya projekta ukutani ikawa kama moshi wa mbali. Wasichana wa hosteli wakakimbia kuleta mashuka na mablanketi, wavulana wakapanda madirishani kuyafunga. Shuka jeupe moja tukalitandika juu ya ubao. Kila upepo ukivuma blanketi moja linajaa kama tanga, mwanga unaingia, darasa linapiga kelele, mvulana mmoja mrefu akajitolea kusimama pale akiwa amelishika kwa mikono miwili kipindi kizima. Hakuona kitu yule mtoto. Nilimrudishia kesho yake.

Halafu moyo ukatokea. Mkubwa kama dirisha, mwekundu, unapiga. Darasa zima likasema "Hee!" kwa pamoja, na mimi mwenyewe nililiona kwa mara ya kwanza jambo nililokuwa nalifundisha tangu nitoke chuoni.

Nusu dakika baadaye nikaanza kuziona nyuso zinafunga. Msimulizi alikuwa Mmarekani, anazungumza upesi, meno hayaachani. Watoto wangu wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, wakaingia sekondari wakakuta Kiingereza mlangoni. Kiingereza changu tu chenye lafudhi ya Kigogo wanakifuata kwa kuchechemea. Mtu aliyeitengeneza ile video alifanya kazi nzuri sana, ila hakuwa anazungumza na Bahi. Nikazima sauti.

Sijawahi kufanya jambo la maana zaidi darasani kwa kidole kimoja. Nikasimama pembeni ya shuka na fimbo ya kuelekezea, nikataja kila sehemu kwa jina lake la Kiingereza kwa ajili ya mtihani, kisha nikasimulia kwa lugha tunayokwenda nayo sokoni. Nikafika kwenye vilango, nikasimamisha. Nikamwita yule binti wa dawati la pili.

Alikuja anafuta mikono kwenye sketi. Simu shuleni wanafunzi hawaruhusiwi, na kwao nadhani ilikuwapo ya kitochi tu ya mama yake, kwa hiyo alikigusa kishikwambi kama mtu anayejaribu pasi kama imeshika moto. Nikamwonyesha: vuta huku, rudisha huku. Akavuta. Vilango vikafunguka. Akarudisha, vikafunga. Akavuta tena polepole, polepole zaidi, na darasa likanyamaza kumsubiri. Nadhani alirudia mara kumi. Kisha akasema, bila kunigeukia:

"Madam, kumbe ni damu yenyewe inavisukuma. Vyenyewe havifanyi kitu."

Nikanyamaza. Maana ndivyo ilivyo. Vali za moyo hazijifungui kwa nguvu zake. Damu ikijaa upande mmoja msukumo unaongezeka, unazipiga kumbo zinafunguka, na damu ikitaka kurudi inazifunga yenyewe, kama mlango unaofungwa na upepo. Nilikuwa nalijua hilo, nilisoma, ningelijibu kwenye mtihani wowote. Lakini kwa miaka sita viganja vyangu vilikuwa vinajifungua na kujifunga vyenyewe hewani mbele ya watoto, na mtoto hufuata anachokiona. Nimewapotosha wangapi kwa viganja hivi, Mungu ndiye anajua.

Kabla sijapata neno la kumjibu, giza. Projekta ilitoa mlio kama wa mbu ikazima. Yuniti za luku zimekwisha. Nikatoka nje na simu yangu, nikanunua umeme wa elfu tano kwa hela yangu, mvulana akakimbia kwenda kuingiza namba kwenye mita. Kengele ikalia kabla hajarudi.

Wanaoandika kuhusu teknolojia na ualimu hawaitaji sana hiyo elfu tano. Wala bando la kushushia video, wala nauli ya kulifuata bando, wala ule waya wa dukani. Mwalimu wa mjini labda haoni. Sisi ukijumlisha mwezi unaona.

Nilipokwenda kujiendeleza chuoni nilikutana na jina la Fred Davis. Mwaka 1989 alichapisha utafiti ambao mpaka leo kila anayeandika tasnifu kuhusu walimu na kompyuta lazima aupitie. Aliwachunguza, pamoja na wengine, wafanyakazi wa maabara ya IBM huko Toronto, Kanada, akataka kujua kwa nini mtu akipewa programu mpya anaitumia au anaiacha. Akasema mambo makubwa ni mawili: mtu anaona kitu hicho kitamfaa kazini kiasi gani, na anakiona chepesi kutumia kiasi gani. Na la kufaa lilikuwa na nguvu zaidi. Watu huvumilia ugumu wa kitu kama kinawafaa. Nakubaliana naye kabisa, moyo wangu wa mbuzi ni shahidi. Ila wafanyakazi wa IBM hawakuwa na sababu ya kuulizwa swali ambalo kwetu linatangulia yote mawili: kikivunjika, nani atalipa?

Ndiyo maana teknolojia ambayo mwalimu wa Tanzania anaitumia kwa uhuru wote ni simu yake mwenyewe. Aliinunua, kioo kimepasuka, amekizoea. Kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa Baiolojia tunapeana mitihani ya miaka iliyopita, tunapeana notsi, tunapeana maandalio ya somo. Maandalio hasa. Mwenzetu mmoja alishusha andalio zuri, akabadilisha jina la mwalimu na tarehe akachapa, na mthibiti ubora wa shule alipolifungua akakuta wanafunzi wa Bahi watatembea hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria kuokota konokono. "Mwalimu, mtarudi saa ngapi?" aliuliza yule mama, kwa upole mkubwa.

Sasa akili unde nayo imeingia kundini, na sina ugomvi nayo. Niliiomba maswali kuhusu mimea inavyosafirisha maji, ikanipa kumi kwa muda wa kupiga miayo. Matatu yalihusu miti inayopukutisha majani kwa sababu ya theluji. Nikafuta theluji nikaweka mbuyu, ambao watoto wanauona kila kiangazi umesimama mtupu, maji yamejaa shinani. Maswali saba niliyatumia kama yalivyo. Mtu atakayeniambia hiyo ni dhambi aje anisaidie kusahihisha madaftari 83.

Mambo haya si mageni kama tunavyodhani. Baba yangu alikuwa kijana Mpwapwa ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Redio moja, kijitabu kimoja, kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo mafupi, na wanakijiji wamekaa chini wanasikiliza. Nchi nzima watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi hivyo. Anachokumbuka baba si sauti ya redio. Anakumbuka kwamba ikishazimwa, kiongozi anauliza: sasa hapa kwetu tunafanyaje? Wakachimba vyoo. Ninapozima sauti ya yule Mmarekani huwa namkumbuka kiongozi wa kikundi chao, mkulima wa mtama ambaye hata shule hakumaliza.

Kwetu yupo mwalimu mmoja wa Hisabati, amebakiza miaka mitatu kustaafu. Huyu huchora duara ubaoni kwa mkono mtupu, mara moja, bila kunyanyua chaki, na ukipima kwa bikari unaona aibu kwa kupima. Vijana walimwita adui wa teknolojia. Uongo mtupu. Ni mweka hazina wetu wa kufa na kuzikana, michango yote anaipokea kwa simu na hesabu haijapotea hata senti. Ilipokuja PEPMIS, ule mfumo ambao mtumishi wa umma anajaza kazi zake na kupimwa utendaji, alikaa na kijana wa Jiografia usiku wa saa tano mpaka akaielewa, kwa sababu kulikuwa na ulazima. Alichokataa ni kubeba kishikwambi kwenda kufanya kazi ambayo chaki inaifanya vizuri zaidi. "Mwanangu," aliniambia, "hiyo yako italichora duara kunishinda?" Nikamwambia hapana, Mzee. Na ni kweli.

Mwaka uliofuata alinijia mwenyewe. Alikuwa anafundisha grafu za kwadratiki Kidato cha Tatu, na alikuwa amechoka kufuta ubao. Unachora moja, unabadilisha namba iliyo mbele ya x², unafuta, unachora nyingine, na mpaka ufike ya tatu mtoto ameshaisahau ya kwanza. "Hiyo yako inaweza kuusogeza mstari wenyewe, ukajipanua watoto wanaona?" Kijana wa Jiografia akamwekea GeoGebra, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila mtandao. Mzee akavuta kile kitelezi kwa kidole, mstari ukajibana, ukajipanua, ukapinduka kichwa chini namba ilipopita sifuri. Akacheka peke yake. Kipindi kilichofuata alikwenda kwa mkuu wa shule, akaomba funguo, akasaini, akatoka na kishikwambi kwapani pamoja na sanduku lake la chaki.

Wiki ya pili akakiangusha. Sakafu ya saruji, kona ya chini, kioo kikapasuka kuanzia pembeni mpaka katikati kama mto na vijito vyake. Darasa lilinyamaza, wanasema, kana kwamba kuna msiba. Mzee akakiokota, akajaribu kitelezi, kikasogea. Akamalizia kipindi. Kisha akaenda moja kwa moja ofisini akakiweka mezani. "Nimekivunja mimi, mkuu. Nilikuwa nafundisha."

Mkuu wa shule alikitazama kwa muda. Akamwambia aandike maelezo. Mzee akaandika nusu ukurasa, kwa mwandiko ule wake, ikapigwa muhuri ikawekwa kwenye jalada. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mshahara ukaingia ukiwa kamili. Sote tulimuuliza, mmoja mmoja, kwa kunong'ona.

Kishikwambi kile kikabandikwa selotepu, na kwa sababu kilikuwa kimeshaharibika hakikurudishwa kabatini. Kikawa kinakaa juu ya meza ya walimu, karibu na chupa ya chai. Wa Kiswahili akakichukua kusikilizisha watoto ushairi ukighaniwa. Wa Kemia akakichukua. Yule wa sanduku la nguo naye akaanza kukiazima, wakati chake bado kimelala kwenye kitenge. Mimi nimejaza ndani vitabu nilivyovishusha kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na video nne za moyo, zote bila sauti.

Vingine bado vimo kabatini. Juzi asubuhi nilifika nimechelewa, nina kipindi cha kwanza, nikakuta wenzangu watatu wamesimama pale penye chupa ya chai wanabishana, kila mmoja ameshika ratiba yake, wanataka kujua kile kilichopasuka kiko kwa nani.